Sikiliza Kwanza Kutafuna

Nilisikia kutafuna kabla sijaona chochote. Kra, kra, kra. Kimya kidogo. Kra tena. Sauti ilitoka nyuma ya zizi la ng'ombe, kwenye kibanda cha mbao ambacho mlango wake ulikuwa umerudishwa, na mimi nimesimama kwenye matope ya kijiji cha Ziwa na mkoba wangu wa dawa begani, nikashusha pumzi. Katika kazi yetu, kutafuna ni habari njema. Sungura anayetafuna yuko hai leo na huenda akawa hai kesho. Nikajiambia: hapa hakuna shida kubwa, nitakunywa chai niende zangu.

Isipokuwa nilikuwa nimeitwa kuja kutibu ndama.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, mnaonitumia picha za sungura kwenye simu mkiuliza, "Mama, huyu ana nini?", huwa nawajibu kwa swali moja: anatafuna? Najua mnacheka. Najua mnasema Mama Sungura amezeeka, amebaki na swali moja tu. Basi leo nawaandikia mjue swali hilo nilipata nguvu yake wapi. Picha inaonyesha masikio, inaonyesha macho, hata ukurutu inaonyesha. Haina sauti.

Kwanza mjue mmeingia wapi. Hapa Eldoret na pande zake, mtu ni ng'ombe wake. Nilipofika kutoka Vihiga nikiwa msichana mwenye cheti kipya cha afya ya mifugo, nilijifunza upesi kwamba mzee anaweza kukutajia ukoo wa ng'ombe wake hadi kwa nyanya wa nyanya, lakini ukimwuliza habari ya sungura anaangalia pembeni. Sungura ni wa watoto wa shule. Ni mchezo wa kabla hujaaminiwa kuchunga mbuzi. Kwa hiyo wazee waliofuga sungura, na walikuwepo, waliniita kwa siri kama watu wanaoagiza pombe ya chang'aa. "Daktari, pita nyumbani, ng'ombe anakohoa." Nikifika, ng'ombe wanacheua kwa amani, hakuna anayekohoa, na mzee ananizungusha nyuma ya ghala la mahindi huku akichungulia kama jirani yuko kwa ua. Niliwaambia mimi si daktari. Wakaendelea kuniita daktari, ili wasiseme walimwita mtu wa sungura.

Kwa hiyo niliposikia kule kutafuna, nilielewa ndama wangu ni wa aina gani. Nikasukuma mlango.

Mzee Kirwa alikuwa amechuchumaa mbele ya vizimba, koti lake kubwa limegusa chini. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine karoti. Simu alikuwa ameielekeza mdomoni. Aliyekuwa akitafuna ni yeye.

Aliponiona aliinua ile karoti juu, kunionya nisiseme neno. Akauma tena, akatafuna kwa bidii upande mmoja wa mdomo. Wazee wa rika lake waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini walipokuwa vijana, kwa desturi, na karoti haimhurumii mtu mwenye pengo. Kisha akapeleka simu sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia," ikajibu sauti ya mwanamke, ya mbali, yenye uchovu. "Anakula vizuri."

"Anakula kama ndama."

"Haya. Mwambie nakuja."

"Nitamwambia."

Akazima simu, akatema karoti kwenye kiganja. "Daktari," akasema, "ukicheka nitakufukuza."

Sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona mgonjwa. Sungura jike, mkubwa, mweupe, amejikunja kwenye kona ya kizimba kama mkate uliokataa kuumuka. Manyoya yamesimama ovyo. Nyasi kavu mbele yake haijaguswa. Na shingoni alikuwa amevalishwa kitu ambacho sikuwa nimekiona katika miaka yangu yote ya kazi: kola pana, imekatwa kutoka mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, pembe zake zimefunikwa kwa kitambaa na kushonwa vizuri ili isimkwaruze.

"Anaitwa Susana," Mzee akasema, kama mtu anayemtambulisha mgeni kanisani. "Si wangu. Ni wa Mama Jerop."

Mama Jerop alikuwa mkewe, mwenye ile sauti ya kwenye simu. Alikuwa ameteleza kwenye matope akiwapelekea sungura majani, nyonga ikavunjika. Walimfanyia upasuaji mjini, kisha binti yao Jerop akamchukua kwake Turbo, kwenye nyumba ya sakafu ya simiti na choo cha ndani. Daktari wa hospitali alimwambia atembee. Mama Jerop hakutaka kutembea. Kitu kimoja tu kilimtoa kitandani: kusema kwamba lazima apone arudi kwa Susana, maana wanaume hawajui sungura.

"Na Jerop hataki arudi," Mzee akasema. "Anataka akae huko kabisa. Anasema hapa ni matope, hapa ni baridi. Ni kweli. Sasa kila asubuhi Mama ananipigia. Susana amekula? Siku alikataa kula, mimi nikasema amekula. Siku ya pili akasema, weka simu nisikie." Akaitazama karoti. "Ningefanya nini, Daktari?"

"Ungemwambia ukweli, Mzee."

"Nimwambie anakufa? Jerop atasema, sasa Mama, unarudia nini kule?"

"Si uko wewe?"

Mzee Kirwa akaangalia nje, kwa ng'ombe. "Mimi niko tu," akasema. "Mtu haharakishi kurudia kitu ambacho hakiendi popote."

Hapo nikajua ninachotibu.

Aliyenifundisha sungura hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa Mama Wanjiru, mwenye duka kule Timboroa, mwanamke wa kutoka Murang'a aliyefuga sungura nyuma ya magunia ya sukari. Chuoni sungura walipewa asubuhi moja, baada ya kuku. Mama Wanjiru alinipa miaka. Aliniambia, "Kabla hujamgusa sungura, gusa mavi yake." Alikuwa anayamwaga kwenye gazeti na kuyachambua kwa kidole kama anayechagua maharagwe, huku mteja akisubiri chumvi. Yakiwa makubwa, ya duara, yana unyasi ndani, mwache mnyama apumzike. Yakianza kuwa madogo na makavu, weka chai chini. Yakikosekana, kimbia.

Chini ya kizimba cha Susana palikuwa na punje chache nyeusi, ndogo kama mbegu za mpapai.

Nikamtoa. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio. Na nikimsikia mtu ameinua sungura kwa masikio nitatoka kwenye ustaafu wangu nije nimwinue yeye kwa yake. Nikaminya tumbo polepole. Lilikuwa zito, kama unga uliokandwa ukaachwa. Nikaweka sikio langu ubavuni. Tumbo la sungura mzima lina mazungumzo ndani, miguno midogo midogo. La Susana lilikuwa limenyamaza. Nilipoendelea kuminya akasaga meno, kwa nguvu. Mjue tofauti. Sungura aliyeridhika anasaga meno kwa ulaini, unamsikia ukiwa umempakata tu. Mwenye maumivu anasaga kama mtu anayevunja kokoto.

"Mzee, kola hii ni ya nini?"

Akaona haya. Mzee wa watu, mwenye wajukuu, akaanza kufuta kiatu chake kwenye nyasi. "Ana tabia mbaya," akasema kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu. "Mama alipoenda, nilianza kuwaangalia mapema asubuhi. Nikamwona. Anainama hivi, anachukua kutoka huko nyuma, anakula. Moja kwa moja! Nikajua ni huzuni imemharibu akili. Ati mwenye aende, mimi niache mnyama wake akule mavi? Nikamshonea hiyo."

Nimeona makosa mengi. Nimemwona kijana wa Turbo akiwaosha sungura wake kwa sabuni ya vyombo ili wang'ae kwenye maonyesho ya kilimo. Waling'aa kweli, na baridi ikawaua. Nimemwona mama aliyempa sungura dawa ya kifua ya mtoto wake, ile ya maji yenye ladha ya ndizi, ikaua wadudu wema wa tumboni, na tumbo likafa kabla ya mwenye tumbo. Nimeona watu wa Timboroa wakiziba kila upenyo kwa magunia kuzuia upepo, mvuke wa mkojo ukawachoma sungura pua hadi wakawa wanapiga chafya kama darasa la nasari. Lakini kosa la kola ya mtungi sikuwahi kuliona, wala sijaliona tena. Kosa lile lilihitaji mtu wa ng'ombe. Lilihitaji mtu anayeamini mnyama ana heshima yake, na kwamba mwenye akiwa hayupo, heshima hiyo ni deni lako.

"Mzee," nikasema, "ng'ombe wako wakishiba wanafanya nini?"

"Wanalala."

"Wakilala?"

"Wanacheua. Si unajua?"

"Na ukiona ng'ombe hacheui?"

"Nakuita. Na nasali."

"Sasa Susana hana yale matumbo manne. Nyasi ikipita mara ya kwanza haijaisha kazi. Inatoka laini, imeshikana kama kichala kidogo, ina nguvu yote ndani, na yeye anairudisha mdomoni kabla haijagusa chini. Yale magumu ya duara ndiyo mavi. Haya laini si mavi, Mzee. Hivyo ndivyo anavyocheua. Yake tu inapitia mlango wa nyuma."

Ng'ombe mmoja akalia nje na Mzee hakugeuka.

"Kwa hivyo mimi," akasema, "nimemfunga ng'ombe mdomo asicheue."

"Ulifanya kwa nia njema."

"Ng'ombe haulizi nia."

Akatoa kisu chake kidogo mfukoni akaikata ile kola mwenyewe, uzi mmoja mmoja. Susana hakujitikisa. Alibaki vile vile, kama bado amefungwa.

Nikamchoma sindano ya maumivu chini ya ngozi ya mgongo. Nikaloweka chakula cha sungura cha duka kwenye maji ya uvuguvugu hadi kikawa uji, nikamfundisha Mzee kuupitisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ubavuni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, tone, subiri ameze, tone. Usimlaze chali. Usiharakishe, uji ukiingia mapafuni umemaliza kazi ambayo ugonjwa ulikuwa unaifanya polepole. Kisha kiganja tumboni, kumsugua kama unavyomsugua mtoto mwenye gesi.

Mzee alikuwa anajifunza kwa macho tu, kama watu wa mifugo wanavyojifunza. Kisha akauliza: "Ng'ombe akikataa kucheua, baba yangu alikuwa anachukua kilicho mdomoni mwa ng'ombe mzima, anampa mgonjwa. Tunaazima. Hii haiazimwi?"

Vijana, nilitamani Mama Wanjiru angekuwa hai amsikie. Ndicho nilichokuwa nakaribia kumwambia, na nilikuwa naogopa atasema nimerukwa na akili.

"Inaazimwa," nikasema. "Tunahitaji sungura mzima na kitu cha kumzuia asiinamie kwa muda kidogo, hadi tuokote."

Tukatazamana. Kisha wote wawili tukaitazama ile kola ya mtungi pale chini.

Ikashonwa upya siku hiyo hiyo. Kizimba cha pili kilikuwa na dume kijivu, mtoto wa Susana wa uzao wa zamani, mnene, mwenye dharau. Kila asubuhi Mzee alimvalisha kola kwa muda mfupi, akakusanya vile vichala laini kwenye kifuniko cha mtungi, akamvua, akavikoroga kwenye uji wa Susana. "Toa, kijana, ni ya mama yako," nilimsikia akimwambia. Mtu ambaye wiki chache nyuma asingekubali kuonekana ameshika sungura.

Nilipita kila nilipoweza. Susana alimeza alichopewa, lakini mwenyewe hakugusa nyasi. Na simu ya asubuhi haikukosa. Mzee anachuchumaa, anauma karoti, kra, kra, anasubiri kidogo, anameza, kra. Mimi nageuza uso nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Kisha akanipokea siku moja akiwa amekunja uso. "Wanakuja Jumamosi. Jerop ameniambia wanachukua nguo za Mama zilizobaki."

"Na Mama mwenyewe amesemaje?"

"Amesema anakuja kumwona Susana kwanza. Kwanza, amesema. Sikuuliza baadaye ni nini."

Tukabadilisha nyasi. Nilimwambia atafute ile ya juu ya mganda, iliyokauka bila kunyeshewa, yenye harufu ya chai. Alienda mwenyewe hadi shamba la jirani kuiomba, na jirani alipouliza ni ya ndama gani, akasema, "Si ndama. Ni ya sungura." Jirani akacheka hadi akashika mti. Mzee akasubiri amalize, akachukua nyasi yake akarudi.

Jumamosi ilikuwa imekaribia sana aliponipigia asubuhi moja. Nikasema halo, hakujibu. Nikasema tena. Ndipo nikasikia. Haikuwa kra. Ilikuwa sauti nyembamba, ya haraka, isiyopumzika, kama manyunyu kwenye mabati ya nyumba ya mbali.

"Mzee," nikauliza, "ni wewe?"

"Si mimi," akanong'ona. "Mimi nimenyamaza."

Tukasikiliza pamoja, yeye Ziwa, mimi jikoni kwangu mjini, hadi chai yangu ikapoa.

Jumamosi nilifika kumpima tumbo, nikakuta gari la Jerop uani. Majirani walikuwa wamekuja kumsalimu Mama Jerop, wazee wenye fimbo, wamejaa. Mbele yao wote Mzee Kirwa alibeba kiti cha sebuleni juu ya kichwa, akakivusha matope, akakipeleka kwenye banda la sungura. Mmoja alisema kitu kuhusu watoto wa shule. Mzee hakugeuka. Mama Jerop alifuata polepole kwa magongo yake mawili, mwanamke mwembamba mwenye leso ya bluu, Jerop nyuma yake na begi tupu mkononi.

Mama akaketi. Akaingiza mkono kizimbani, akaupumzisha juu ya mgongo mweupe. Susana akavuta unyasi, akaanza: yale manyunyu. Mama Jerop akafumba macho akasikiliza.

"Huyu ndiye," akasema.

"Ndiye nini?" Mzee akauliza.

"Ndiye Susana. Yule wa kwa simu alikuwa anatafuna upande mmoja."

Nilianza kufunga mkoba wangu ambao nilikuwa bado sijaufungua.

"Halafu alikuwa anapumzika kumeza mate," Mama akaendelea. "Siku moja alikohoa. Na alikuwa anakula karoti, na mimi huyu sijawahi kumpa karoti."

"Ulijua!"

"Baba Jerop. Nimekaa meza moja na wewe maisha yangu yote, nisijue unavyotafuna?"

"Sasa kwa nini kila siku, weka simu, weka simu? Hiyo karoti imeniua meno!"

Mama Jerop hakumwangalia. Alikuwa anamtoa Susana kipande cha unyasi kilichonasa sikioni. "Jerop alipokuja kunichukulia blanketi," akasema, "alikuta jiko limepoa na maziwa yameharibikia kwa kibuyu. Akaniambia, Mama, Baba hali. Nikajua nikikuambia kula, utasema umekula. Vile ulisema ya Susana." Akatoa kile kipande cha unyasi, akakilainisha kwa vidole. "Nikaona, kwa ajili yangu hatatafuna. Kwa ajili ya sungura atatafuna. Angalau asubuhi kitu kiingie."

"Mama," Jerop akasema taratibu pale alipokuwa, "basi nianze na kabati gani?"

"Nguo ziko mahali pake," Mama Jerop akajibu. "Wewe nenda uchemshe chai, na mimina na ya baba yako."

Jerop akatusikiliza kidogo, sote na sungura, kisha akalikunja lile begi tupu kuwa dogo akalitia kwapani. Akaenda kuwasha jiko.

Mimi pia nilikuwa sina kazi pale. Nilimgusa Susana tumbo kwa ajili ya desturi tu, maana mazungumzo ndani yake yalisikika hata bila sikio. Nikaaga. Mama Jerop aliniitikia kwa kichwa huku akipekua mfuko wa sweta yake. Akatoa karoti, kubwa, imeoshwa, akamnyooshea mumewe.

"Hii nimekubebea wewe," akasema. "Kaa chini. Leo hakuna simu."

Nilikuwa nimeshakanyaga matope ya nje niliposikia kra ya kwanza. Kisha mkono wa Mzee ukauvuta mlango nyuma yangu, upepo usiwaingilie, ukafunga.